Nahama hosti, oda zangu zitapona?

SWALI: Habari mtaalamu, niko Mikindani, nina tovuti ya kuuza korosho zilizobanguliwa, sasa hosti wangu (kampuni inayonihifadhia tovuti) kila siku seva chini, nataka kuhama ila naogopa kupoteza oda na imeili za wateja. Nifanyeje?

JIBU: Pole ndugu yangu. Kwanza usimkatie wa zamani mapema, hapo ndo wengi wanachemka. Domeini, yaani jina la tovuti, na hosti ni vitu viwili, hiyo .co.tz yako unabaki nayo. Pakua mafaili yote PAMOJA na databesi, maana oda zimo humo, kuna watu wanabeba mafaili tu halafu tovuti inafunguka tupu kama ghala baada ya mnada. Siku moja kabla ingia kwenye DNS (mfumo unaoelekeza jina la tovuti kwenye seva) ushushe TTL, yaani muda anwani ya zamani inavyokumbukwa, iwe 300, hizo ni sekunde, yaani dakika 5, mabadiliko yasambae chapchap. Imeili kama zinakaa kwenye seva hiyohiyo zishushe kwanza kwenye kompyuta, halafu zifungue upya kwa hosti mpya na rekodi za MX, zile zinazoonyesha imeili ziende seva ipi, zielekeze huko. Usiku wa kuhama, yaani unapoelekeza domeini kwa hosti mpya, simamisha oda kidogo, la sivyo zingine zitaangukia databesi ya zamani. Seva zote mbili ziache hewani siku 2 au 3. Ila Oktoba usithubutu, msimu wa korosho upoe kwanza.