Kwenda Kalenga ni rahisi, kazi ipo kurudi

Mwaka wa kwanza nilipojiandikisha kukimbia kilomita 42 kule Moshi, nilijipangia mbio ndefu ya kwanza kwa hesabu za kwenye simu. Marathoni ya saa nne inataka kila kilomita uimalize kwa dakika 5 na sekunde 41. Nikasema basi, kama huo ndio mwendo wa siku yenyewe, niuzoee kuanzia leo. Jumamosi ya Januari, barabara bado imelowa mvua ya usiku, nikatoka Iringa mjini kwenda Kalenga. Ni kama kilomita 15, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 30.

Kwenda ilikuwa raha tupu. Kalenga ipo bondeni, kandokando ya Mto Ruaha Mdogo, na ukitoka mjini mteremko unakubeba bila kukudai chochote. Nilifika kwenye makumbusho ya Chifu Mkwawa wa Wahehe, lilipo lile fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nikiwa nimetumia saa moja na dakika 24. Nikapiga picha ya saa yangu, nikairusha kwenye grupu. Watu wakanipa makofi. Nikageuza.

Kilomita ya 20 mapaja yakawa mazito. Ya 23 nikaanza kutembea. Ya 24 nilikuwa nimekaa juu ya kalavati, midomo imekauka, vidole vya mikono vimepoa, nikitazama lami kana kwamba ndiyo iliyonikosea. Mtoto mmoja aliyebeba dumu la maji akasimama. "Shikamoo. Anko, unaumwa?" Nikamwambia napumzika tu. Hakuniamini, na alikuwa sahihi. Baadaye akapita kijana wa bodaboda. Mfukoni sikuwa na hata shilingi mia, yeye akasema panda tu, utanilipa. Wiki ile nzima nilishuka ngazi za kazini kwa kushika ukuta.

Kilichonipata si uvivu, na wala haukuwa upungufu wa mazoezi. Mwili huhifadhi sukari kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo ina mwisho. Ukienda taratibu, mafuta ya mwilini yanasaidia sehemu kubwa ya kazi na sukari inatumika kidogokidogo. Ukienda mbio, unaila sukari kwa pupa, na ikiisha mafuta hayawezi kukupa nguvu kwa kasi uliyoizoea. Ndipo unakata moto. Mimi yangu niliimaliza kwenye mteremko, nikafurahia na picha juu.

Aliyenirekebisha ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi tunayekimbia naye. Siku ya kwanza aliniuliza, "Unakimbilia wapi? Mashindano bado." Kipimo chake ni mazungumzo. Akikuuliza jana ulikula nini ukamjibu "ugali", mnakwenda haraka mno. Ukimjibu kwamba ni ugali na maharage, ila maharage yalizidi chumvi kwa sababu aliyepika alikuwa na simu sikioni, hapo mwendo ni sawa. Anakuuliza mara nyingi, hasa kilomita tano za mwanzo. Inachosha, lakini tangu hapo sijakaa tena kwenye kalavati.

Kwa wanaotaka namba: anayelenga saa nne na nusu siku ya mashindano (dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita), mbio ndefu aziende kwa dakika 7 mpaka 7 na nusu. Ndiyo, ni polepole. Utapitwa na wanafunzi wanaowahi shule. Kilomita 30 zitakuchukua saa tatu na nusu au zaidi kidogo, na kwa maoni yangu mtu wa kawaida hana sababu ya kuzidisha hapo. Mbio iliyo ndefu kuliko zote iishie wiki tatu kabla ya mashindano, na kila wiki ya nne upunguze.

Lakini namba hizo zichukue kwa akili, maana sisi wa huku juu tuna mambo mawili ambayo programu za simu haziyajui vizuri. La kwanza ni hewa. Iringa ipo kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na pumzi inakata mapema kuliko pwani. Nina binamu Dar aliyekuwa ananitumia mwendo wake kila Jumapili, nami kwa wivu nikawa namfukuza kwa kupitia simu. Yeye anakimbia pembeni ya bahari. Nilipomfuta kwenye orodha ya ninaowafuatilia, mbio zangu zilipona.

La pili ni milima. Huwezi kushika mwendo mmoja ukipanda kutoka Ipogolo kuja mjini, penye malori yanayolia kwa gia ya kwanza. Pale saa iangalie ukishafika juu. Unachoshikilia sawa ni pumzi, mwendo uache ubadilike wenyewe: fupisha hatua, tazama mita chache mbele, na pumzi zikianza kukimbia kuliko miguu, tembea. Wapo wanaoona aibu kutembea mbele za watu. Akina mama wa sokoni wanaupanda mlima ule na mizigo kichwani na hawamwonei mtu aibu. Kuteremka nako usijiachie, maana mapaja yanaumizwa zaidi na mteremko kuliko mpando, ila bili yake inakuja kesho. Na ukumbuke kule Moshi mlima wa kuelekea Mweka unakukuta nusu ya pili, umeshachoka.

Chakula sina mengi. Chai na kiazi kitamu kabla ya kutoka, ndizi mbivu au maji ya glukosi kuanzia dakika ya 45, kabla njaa haijabisha hodi. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa Ijumaa jioni uache. Najua Januari ndio msimu wake, najua pia utasema ni glasi moja.

Mwendo wa mashindano una nafasi yake. Wiki moja moja, si zote, tukibakiza kilomita tano mzee anasema "haya", na kila mtu anafungua. Septemba 2025 tulimtazama Alphonce Simbu akishinda ubingwa wa dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, akimzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03 tu. Mzee hakushangilia kama sisi. Alikuwa anarudia kuonyesha kwenye kioo jinsi jamaa alivyotulia ndani ya kundi, mbio zikienda.

Yule kijana wa bodaboda nilimlipa Jumatatu yake. Bado anaijua njia ya Kalenga, na kila akinikuta napanda anapunguza gesi pembeni yangu. "Anko, leo twende?" Nikiweza kumwambia hapana, nimebakiza kilomita nne, na msalimie mama, naendelea vilevile. Nikimjibu kwa mkono tu, napunguza.