Jumatatu maabara, Jumapili kwaya: je, mimi ni mnafiki?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma biolojia mwaka wa tatu hapa Mlimani, na Jumapili naimba sauti ya pili kwaya ya vijana. Kwenye mtihani naandika habari za mageuko ya viumbe, ile tunayoiita evolusheni, na alama napata. Kisha nakwenda kuimba kwamba Mungu ndiye Muumbaji. Kiongozi wa ushirika wetu wa wanafunzi ameniambia nichague moja, kwa kuwa hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili. Msimamizi wa utafiti wangu naye aliposikia kwamba huwa nasali kabla ya kuingia maabara, alicheka, akasema mambo hayo niyaache getini. Je, mimi ni mnafiki? Na kama siyo, imani yangu niiweke wapi katika utafiti?

JIBU

Amina, binti yangu.

Nianze na kiongozi wenu, maana naona ndiye aliyekunyima usingizi. Katika Mathayo 6:24 Bwana hakuacha nafasi wazi ili kila mtu ajaze kile asichokipenda. Bwana wa pili alimtaja: ni mali. Kwa mstari huo ningewaonya wanafunzi siku bumu, ile pesa ya mkopo wa masomo, linapoingia, biolojia ningeiacha ilipo.

Hofu yake hata hivyo naielewa. Wengi wetu tumekua tukidhani Mungu anakaa pale ambapo hatujui kinachoendelea, kwa hiyo kila jambo likijulikana, Yeye anasogezwa pembeni. Hebu ipime dhana hiyo kwa Zaburi 139: "Uliniunga tumboni mwa mama yangu." Wewe umesoma jinsi yai linavyorutubishwa, seli moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka moyo ukaanza kupiga. Ulipomaliza somo hilo, uliifuta zaburi? Hata kiongozi wenu hajaifuta, na mama yake alihudhuria kliniki kama akina mama wengine. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua za masika, sijasikia mtu akisema imemkana Mungu anyeshaye mvua. Kujua namna jambo linavyotendeka hakumwondoi anayelitenda. Tukiwa tumelikubali hilo kwa miezi tisa ya mimba, sioni kwa nini tulikatae kwa miaka milioni.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja ofisini kwangu na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, viganja na nyayo zimevimba kama maandazi. Selimundu. Hospitali walishamweleza, lakini ukweni kulikuwa na maelezo mengine: bibi mzaa mama ni mchawi, anakula wajukuu. Yule mama alitaka nimwombee mama yake aache uchawi. Kuomba tuliomba, lakini kwanza nilichukua bahasha ya sadaka, nikaigeuza nyuma, nikachora vyumba vinne. Baba ana jeni mbili, moja nzima na moja ya selimundu. Mama vivyo hivyo. Kwa kila mimba, katika chumba kimoja kati ya vinne mtoto anaangukiwa na zote mbili mbovu. Akakaa kimya akifuatisha mistari kwa kidole. Kisha: "Kwa hiyo na baba yake anayo?" Anayo, nikamwambia, isingekuwa hivyo mtoto asingeugua. Akaikunja ile bahasha, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Hesabu ile tuliachiwa na Gregor Mendel, mtawa wa Kiaugustino aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno, mimea ipatayo 28,000, akachapisha matokeo yake mwaka 1866. Wanafunzi wa Yesu waliuliza juu ya yule kipofu, "ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" na Bwana akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Siku ile ofisini njegere za mtawa zilinisaidia kulihubiri jibu hilo vizuri kuliko ningeweza mwenyewe.

Sasa jiulize kwa nini jeni hiyo imejaa kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hulindwa dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, mtoto wa namna hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kukua, kuoa na kuirithisha. Huo ndio uteuzi asilia, ule ule unaouandika kwenye mtihani. Umo katika damu ya waumini wanaokaa mabenchi ya mbele.

Utaniambia: sawa, Mchungaji, lakini Mwanzo 1 inasema siku sita. Wapo Wakristo wanaozishika kama siku za saa 24, na kwa hilo simfukuzi mtu kwenye Meza ya Bwana. Mimi sizishiki hivyo, na sababu yangu imo katika sura yenyewe: jua linawekwa siku ya nne, wakati jioni na asubuhi tatu zimekwisha kupita. Agostino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alishughulika na ugumu wa siku hizo miaka 1,600 iliyopita, Darwin mwenye nadharia ya evolusheni hajazaliwa. Akawakemea Wakristo wanaosema upuuzi juu ya mbingu na nyota wakidai ndiyo Maandiko: msikilizaji akitukuta tumekosea katika jambo analolijua, atatuaminije tukimwambia habari za ufufuo? Mwaka 1633 viongozi wa Kanisa waliomhukumu Galileo kwa kusema dunia hulizunguka jua walikuwa wameusahau ushauri huo.

Kigumu kuliko siku sita ni Adamu, kwa sababu ya Warumi 5, panaposema dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja. Wanatheolojia hawajakubaliana, na anayekuambia jambo hilo ni jepesi, awe wa kanisani au wa maabara, usimwamini. Ninachokishika ni Mwanzo 2:7, mtu anayeanzia mavumbini na kupuliziwa pumzi ya Mungu. Niliyekwisha kukubali kwamba asili yangu ni udongo, siwezi kujidai nimevunjiwa heshima nikiambiwa nina undugu na wanyama.

Niliwahi kuwapeleka vijana wa kipaimara Makumbusho ya Taifa, pale mjini, kujifunza habari za Zinjanthropus, ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, umri wake takriban miaka milioni 1.75. Wataalamu hawamhesabu kuwa babu yetu, ni tawi la pembeni. Kijana mmoja akanivuta koti: "Mchungaji, na huyu Yesu alimfia?" Shahada zangu za theolojia hazikunisaidia palepale. Wiki iliyofuata nilimsomea Wakolosai 1:20, panaposema kuvipatanisha "vitu vyote", nikamwacha aupime mwenyewe upana wa neno "vyote".

Msimamizi wako yuko sahihi nusu. Kwenye matokeo ya utafiti usiandike kwamba Mungu ndiye aliyefanya. Huko yanaandikwa yale ambayo hata asiyeamini anaweza kuyapima upya. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu unatanuka. Papa Pius XII alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba sayansi hiyo imethibitisha uumbaji, padri huyo hakufurahi. Alitaka nadharia yake isimame au ianguke kwa vipimo, na alikuwa akiadhimisha misa.

Ila kicheko cha msimamizi wako siyo biolojia. Akikuambia maabara imethibitisha hakuna Mungu, muulize kwa adabu ni kifaa kipi kilichopima. Na kuhusu kuacha mambo getini: maabara ya Cavendish ya Cambridge, iliyofunguliwa mwaka 1874 chini ya James Clerk Maxwell, iliandikwa mlangoni kwa Kilatini Zaburi 111:2, "Matendo ya BWANA ni makuu, yafikiriwe sana na wapendezwao nayo." Imani haikuachwa getini pale, ilichongwa hapo hapo.

Imani yako sasa uiweke wapi? Mnajua wenyewe kinachoitwa kupika data. Madodoso 200 yanajazwa na watu watatu usiku kwenye kibaraza cha hosteli, kalamu zinabadilishwa rangi ili yafanane na ya kweli. Baadhi yao asubuhi wako kwenye maombi. "Usimshuhudie jirani yako uongo" ni amri inayohusu na jedwali lako la matokeo. Umeme ukikatika usiku na sampuli zikaharibika, andika kwamba zimeharibika. Matokeo yakikataa ulichotarajia, andika yamekataa, hata kama mahafali yatasogea. Unafiki uliouuliza ungekuwa hapo, wala siyo katika kuimba.

Vijana wa kipaimara wa mwaka huu wanakwenda Makumbusho Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Maswali ya Wakolosai nitayajibu mimi. Wa kujibu ya mataya na meno sina. Njoo, nauli nitakutumia.