Iceland kwa siku sita: ukitoka Reykjavík, anza na Heimaey

Mkuu, umeuliza kama ndani ya siku sita za Septemba kuna miji ya kwenda Iceland zaidi ya Reykjavík, maana kila unayemuuliza anakutajia maporomoko ya maji tu. Ipo. Nilikaa kule miezi sita kwa mafunzo ya uvuvi, Septemba hadi Machi, nikitokea Mwanza, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa samaki. Nivumilie.

Reykjavík ipe siku moja na nusu. Ni mji wa watu kama 140,000, na katikati yake unaizunguka kwa miguu mpaka unaanza kupishana na watu walewale. Panda lifti ya mnara wa kanisa la Hallgrímskirkja uone mapaa ya rangi rangi yakishuka kuelekea baharini. Mengi ni ya bati, ndiyo, bati kama kwetu. Kisha tafuta bwawa la kuogelea la mtaani wanakokwenda wenyeji. Hapa lazima nikuandae: kabla ya kuingia majini unaoga kwa sabuni, uchi wa mnyama, mbele ya wanaume wenzako. Ukutani kuna bango la mchoro wa mtu aliyetiwa alama kichwani, makwapani, sehemu za siri na miguuni, usije ukajitetea kwamba hukuelewa. Siku ya kwanza nilioga na bukta yangu. Mzee mmoja akanigusa bega, akanionyesha bango kwa kidole, hakusema neno. Ukishavuka aibu hiyo, unakaa nje kwenye maji ya moto huku mvua ya baridi inakupiga usoni, na wazee wanabishana pembeni kama wako kijiwe cha kahawa. Maji hayo ya moto yanatoka ardhini, hata bombani yananuka yai viza kidogo. Ya baridi ni matamu, kunywa tu, usinunue ya chupa.

Mji ninaotaka hasa uuone ni Heimaey, kwenye visiwa vya Vestmannaeyjar upande wa kusini. Usiku wa tarehe 23 Januari 1973 ardhi ilipasuka pembeni mwa mji na volkano ikaanza kurusha moto. Bahati yao, siku moja kabla kulikuwa na dhoruba, kwa hiyo boti za uvuvi zilikuwa zimelala bandarini. Watu wapatao 5,300 wakavushwa usiku uleule, wengi wao kwa boti hizo. Mamia ya nyumba yakafukiwa. Lava ikawa inausogelea mdomo wa bandari, na mji ule bila bandari hauna cha kuishi, basi wakaleta pampu wakaimwagia maji ya bahari kwa miezi mpaka ikaganda. Leo bandari imekingwa dhidi ya upepo kuliko zamani. Makumbusho ya Eldheimar yamejengwa kuizunguka nyumba iliyofukuliwa kwenye majivu. Anzia hapo, kisha panda mlima Eldfell, ambao ulizaliwa mwaka huohuo. Mtu wa mwendo wa kawaida anaupanda bila shida.

Ukiwahi Septemba mwanzoni utakuta kitu kingine. Kuna ndege wa baharini wanamwita lundi, mweusi na mweupe, mdomo kama umepakwa rangi na mtoto. Makinda yake yakitoka kwenye majabali usiku yanafuata taa za mji badala ya kuelekea baharini. Nilikuta watoto wa shule mitaani usiku na maboksi na tochi, wanayaokota. Asubuhi wanayapeleka ufukweni na kuyarusha juu ili yaruke. Walinipa moja. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, likanidonoa kidole, nikaliachia kabla sijajiandaa. Likaondoka zake, wale watoto wakanicheka.

Feri kutoka Landeyjahöfn ni kama dakika 40. Bahari ikichafuka safari inahamishiwa Þorlákshöfn, na hapo ni mwendo wa karibu saa tatu. Ilinikuta wakati wa kurudi. Nimevuka ziwa kwenda Ukerewe sijui mara ngapi, nilijiona baharia. Siku ile nilikumbatia mfuko wa kutapikia njia nzima.

Kaskazini nenda kwa ndege ya ndani hadi Akureyri, kama robo tatu ya saa. Kwa gari ni karibu kilomita 390. Ni mji wa watu 20,000 hivi, taa nyekundu za barabarani zina umbo la moyo. Usiku mmoja unatosha. Watu wengi wakifika hapo wanakimbilia Húsavík kuona nyangumi, na si vibaya. Mimi ningekupeleka Siglufjörður, kama saa moja na kitu kwa gari kupitia mahandaki. Samaki wa baharini waitwao heringi ndio walioujenga mji ule, ukafikia watu zaidi ya 3,000. Mwishoni mwa miaka ya 1960 samaki wakaisha kwa kuvuliwa kupita kiasi, na sasa wamebaki watu 1,200 hivi. Makumbusho ya heringi yana boti, mapipa, na vyumba walimolala wasichana waliokuwa wakitia samaki chumvi gatini. Mtu wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, akiingia mle hahitaji mkalimani. Kozini tulionyeshwa pia vichwa vya kodi (samaki, si ile ya TRA) vikikaushwa kwa joto la ardhini ili vipelekwe Nigeria. Mapanki yetu kabisa, yale mabaki ya sangara, ila yamepangwa kwenye trei.

Vík, kijiji cha pwani ya kusini, ni ya kusimama kula tu. Ukishuka ufuo wa Reynisfjara usiipe bahari mgongo, mawimbi ya pale yameshaua wageni. Seyðisfjörður iko mashariki mbali, kwa siku zako sita iache. Ísafjörður sikufika, upepo uliahirisha ndege mara mbili nikakata tamaa.

Ukikodi gari, shika mlango kwa mikono miwili unapofungua. Upepo unaung'oa, na bima nyingi hazilipi hilo. Beba nguo ya kuogelea na koti la mvua lenye kofia. Mwavuli acha nyumbani. Wangu nilitoka nao Mwanza, ukadumu kuanzia mlango wa hosteli mpaka kona ya kwanza.