Maswali na majibu: AI, midi na chakacha inayochechemea

Wiki hii karibu wote mmeuliza AI na noti, AI na noti, yaani akili bandia na noti za midi, muziki ulioandikwa kwa namba ili kompyuta iupige. Nimeokota matano. Mengine ni yale yale, mmeyabadilisha kofia tu.

"Niliiambia chatboti iniandikie skripti ya kupanga noti, nikaiweka, ikaleta makosa mekundu. Shida nini?" (Malindi)

Makosa mekundu ya programu gani, ndugu yangu? Hili nalisema mpaka midomo inakauka. FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, imeanza kukubali skripti za lugha ya Python ndani ya piano roli, ubao wake wa kuchorea noti, toka toleo la 21.1, mwaka 2023, Reaper, mwenzake, yaenda kwa Lua, EEL2 au Python na amri zake zina majina mengine kabisa, na chatboti usipoiambia uko wapi itakuchanganyia zote mbili, na amri ikikosekana itaibuni yenyewe, tena kwa kujiamini kama dalali wa viwanja. Bandika maelezo ya amri za programu yako hapo hapo kwenye swali, taja toleo, ndo uulize.

Angalia na velositi, yaani nguvu ya kila noti ilivyopigwa. Midi ya kawaida ni 0 mpaka 127, skripti za FL ni 0 mpaka 1, kwa hivyo ukiona imekuandikia 100 jua imekopa kwa jirani. Halafu PPQ, yaani robo noti imekatwa tiki ngapi: FL ukiifungua ilivyo ni 96, Reaper ni 960. Noti ya kumi na sita huku ni tiki 24, kule ni 240. Iambie skripti isome PPQ ya mradi wako, isije na namba iliyokariri.

"Nikikwantaizi chakacha yawa kama roboti. AI gani nzuri ya kuirekebisha?" (Mkomani, Lamu)

Hakuna. Kukwantaizi ni kuvuta noti zikae kwenye mistari ya gridi, na tatizo lako ni hiyo gridi. Chakacha yaenda kwa tatu tatu, na wewe mradi umeuacha 4/4 na gridi ya kumi na sita kwa sababu ndivyo ulivyofunguka. Haya hesabu nami. PPQ 96, pigo moja likigawika mara tatu noti zinakaa 0, 32 na 64. Gridi yako ina vituo 0, 24, 48, 72. Ile ya 32 itaburutwa mpaka 24, ya 64 itasukumwa mpaka 72, na hapo ushapata ngoma yenye mguu mmoja mfupi. Kompyuta haijakosea hata tiki moja, ndo ubaya wenyewe.

Mi pia yalinikuta. Nilikuwa bado mgeni wa mambo haya, nikampigisha mzee mmoja wa ngoma ya vumi kwenye padi zangu, nikakwantaizi yote mia kwa mia, nikaipeleka harusini. Mzee akasikiza kidogo akaniuliza, "Huyu aliyepiga ana homa?" Nilishindwa kumwambia ni yeye.

Weka gridi ya tripleti au ufungue mradi wa 6/8, na nguvu ya kwantaizi usipite nusu. Ukitaka AI ikufae, iambie iandike skripti ya kupima ngoma ya msondo inachelewa tiki ngapi kwenye kila pigo, itoe wastani, halafu wastani huo iubandike kwa ile ngoma ya chapuo uliyoichora na mausi. Hiyo ni kazi ya kuhesabu, yaiweza. Lakini usinijie na kile kitufe cha kutawanya noti kwa bahati nasibu ati ndo "kibinadamu". Mpiga ngoma hachelewi ovyo, huchelewa pale pale kila mara, na kusudi. Ovyo ni ulevi.

"Kompyuta yangu ni RAM 4 GB, skripti hizi zitaenda?"

Zitaenda. Zinazokula RAM ni plagini zako, zile ala na efekti za kuongezea.

"Nitumie linki ya kraki ya FL."

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Reaper yakupa siku 60 za kujaribu na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Kraki ikileta virusi mwajua kunitafuta mimi.

"Nina rekodi ya marehemu babu akipiga udi. Nataka kuigeuza midi halafu AI inisafishie noti. Yawezekana?" (Langoni, Lamu)

Kugeuza yawezekana. Basic Pitch ya Spotify ni ya bure tangu 2022, ila ipe ala moja moja, si bendi nzima na vigelegele juu. Kusafisha ndipo nakuomba uende polepole.

Udi hauna vizuizi shingoni, kidole chasimama kinapotaka. Bayati, mpangilio mmoja wa noti za muziki wa Kiarabu, ikianzia D, noti yake ya pili si E wala si E flati, iko kati. Midi 63 ni E flati, 64 ni E, hakuna namba baina yake. Kwa hivyo ile sauti hubebwa na pichi bendi, amri ya kupandisha au kushusha sauti kidogo: masafa yakiwa semitoni 2, unaandika 64 halafu unashusha bendi kutoka 8192, ambayo ndo katikati, mpaka 6144. Sasa skripti ya kusafisha ikikutana na 6144 yaona uchafu, yaifuta, na udi wa babu unaanza kuimba kama wimbo wa chekechea. Iambie waziwazi isiguse bendi wala isivute noti kwenye skeli. Na kumbuka bendi yashusha chaneli nzima, nyuzi mbili zikilia pamoja zote zashuka, labda utumie MPE, utaratibu wa 2018 unaoipa kila noti chaneli yake.

Kazi salama ya kuipa ni kuondoa vinoti vya tiki chache ambavyo ni mkwaruzo wa risha, na noti zilizolaliana. Ifanyie kopi, faili ya asili ifungie mbali. Na kaa na mtu ajuaye bayati asikize kabla na baada, maana we mwenyewe kwa swali lako naona bado.

Mkikwama nitumieni faili ya midi, jina la programu na toleo. Si picha ya skrini iliyopigwa na simu usiku, stima imepotea, nione kidole chako tu.