Kupata cheti cha kuzaliwa wakati ofisi hufungwa kabla hujatoka kazini

Habari, dada. Nimekuelewa hivi: unaingia kiwandani saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, cheti cha kuzaliwa cha mwanao hakijapatikana, na kila siku unayoomba ruhusa unakatwa posho. Ofisi nyingi za serikali hapa Tanzania hufanya kazi saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo mtu wa zamu ya mchana hafiki kamwe bila kupoteza kipato, ilhali mwenye ajira ya mezani anachomoka kidogo tu na kurudi.

Kabla ya kuomba ruhusa tena, angalia kwanza ni hatua zipi zinazohitaji uwepo wako. Maombi ya cheti unaweza kuyatuma usiku kwa njia ya mtandao wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ukiwa umekwishapiga picha tangazo la kizazi ulilopewa hospitalini. Kama utatakiwa barua ya utambulisho, mpigie simu mwenyekiti wa mtaa. Wangu alinisainia saa 1:00 usiku kibarazani kwake, mhuri akiutoa kwenye mfuko wa shati. Mimi nilianza kinyume: nilifika ofisini saa 9:10, nikakuta karani amekwishafunga daftari, kumbe nilichokosa ni nakala moja tu.

Ukibaki na safari ya lazima, iombe kama sehemu ya siku zako 28 za likizo ya mwaka, ili usikatwe posho.