Kabla Hujanunua Bodi, Hesabu Lenzi Zako

Wiki hii barua karibu zote ni za kamera, nadhani msimu wa harusi unakuja na watu wamejichanga. Nimechagua tatu.

SWALI: Fundi mambo vipi, mimi napiga harusi na send-off hapa Morogoro mwaka wa nne sasa. Natumia Canon 700D na lenzi tatu, 18-55 iliyokuja na kamera, 55-250 na ile 50mm f/1.8 STM. Wateja wanalalamika picha za ukumbini usiku zina chenga, nataka kuhamia mirolesi, zile kamera zisizo na kioo cha ndani, ya fulfremu, yaani yenye sensa kubwa. Vijana wenzangu wote wananiambia Sony, mwingine anasema chukua Canon R8 kwa sababu lenzi zako zitaingia, na kuna jamaa ana Nikon Z5 anauza. Hela yangu inatosha bodi moja mpya bila lenzi, au bodi ya mtumba na lenzi moja. Nichukue ipi? – Mpiga picha, Morogoro

JIBU: Poa kaka. Kabla hatujagusa hela yako ngoja tuangalie hizo chenga zinatoka wapi, maana wengi wanailaumu bodi kumbe mwenye kosa ni lenzi. Hiyo 18-55 ukiivuta mpaka 55 inafunguka f/5.6 tu, na namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu la mwanga linakuwa kubwa. Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga mara nne ya huo, yaani pale ulipolazimika kupandisha ISO, ule wepesi wa kamera kushika mwanga unaoleta chenga, mpaka 6400 ungekaa 1600 kwa kamera hiyo hiyo. Ndo maana nikikutana na mtu amenunua fulfremu halafu amefungia lenzi ya f/5.6 ukumbini huwa namhurumia, amelipa mamilioni na sehemu kubwa ya faida kaiacha mlangoni. Sensa kubwa inasaidia kweli, ya fulfremu ni milimita 36 kwa 24 na eneo lake ni kama mara 2.6 ya hiyo ya 700D, ila hiyo sio sababu ya kuibebesha lenzi ya giza.

Sasa hili la "lenzi zako zitaingia". Zitaingia ndio, lakini kwa masharti. Angalia kwenye shingo ya lenzi pale panapofungia, ukiona kidoti chekundu hiyo ni EF, ya fulfremu. Ukiona kijimraba cheupe hiyo ni EF-S, imetengenezwa kwa sensa ndogo. Kwako 18-55 na 55-250 zote ni za kijimraba cheupe. Ukiziweka kwenye R8 kwa adapta ya Canon otofokasi itafanya kazi vizuri tu, ila kamera itakata picha yenyewe kuwa kropu, kipande cha katikati tu, na zile megapikseli 24 zinabaki 9 na kitu. Umenunua fulfremu ili upige kropu ya megapikseli 9! Kwa hiyo kati ya lenzi tatu inayohama na wewe ni moja, hiyo 50mm, ambayo ni lenzi ya bei rahisi.

Maana yake kaka wewe hujafungwa na Canon kama unavyodhani. Ungekuwa na 24-70 L na 70-200 L, zile za daraja la juu za Canon, ningekwambia usithubutu kwenda popote, nunua bodi ya RF, yaani mirolesi ya Canon, na adapta yao, ulale usingizi. Lakini kwa 50mm peke yake uko huru kama bachela.

Ukiwa huru basi usichague bodi, chagua maunti, yaani ule mlango wa kufungia lenzi. Bodi utaibadilisha baada ya miaka minne mitano, lenzi utakaa nazo. Na hapa kwa mtu mwenye hela ya kubana Sony wana jambo moja kubwa, waliruhusu kampuni nyingine kutengeneza lenzi za E-maunti siku nyingi, kwa hiyo kuna Tamron, Sigma, Samyang, Viltrox na wengineo, na za mtumba zimejaa. Canon kwa RF walibana sana, mpaka 2024 ndo Sigma na Tamron wakaruhusiwa kuleta za otofokasi na zilizoanza kutoka ni za kropu, yaani za sensa ndogo, sio za fulfremu. Lenzi zao wenyewe ni nzuri mno, sibishi, lakini zoom yao ya f/2.8 inaweza kukugharimu kuliko bodi.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningechukua Sony A7 III ya mtumba na Tamron 28-75 f/2.8 ya kwanza, ile ya 2018, ina gramu 550 tu, mkono hauchoki hata MC akiongea mpaka saa saba usiku. A7 III nayo ni ya 2018 lakini ina megapikseli 24, stabilaiza ya kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, betri kubwa na sloti mbili za kadi. Sloti mbili kwa mtu wa harusi sio anasa, kadi ikifa ndoa hairudiwi. R8 ni mpya zaidi na otofokasi yake inaizidi A7 III wazi wazi, sitaki kukudanganya, ila ina sloti moja, haina stabilaiza kwenye bodi na betri yake ni ndogo, utatembea na betri nne mfukoni kama muuza karanga. Z5 ya jamaa yako nayo ina sloti mbili na stabilaiza na picha zake ni safi, ila inapiga picha 4.5 kwa sekunde, inatafuta fokasi kwenye giza, na video ya 4K inakata pembeni mara 1.7. Akikupa pamoja na lenzi kwa bei ya kirafiki sitakulaumu.

Mabaya ya A7 III pia uyajue. Menyu yake ni msitu, skrini haigeuki kukuangalia, video ni biti 8 kwa hiyo usitegemee kuvuta rangi sana baadaye. Ukienda kuikagua ingia kwenye menyu uangalie toleo la programu, liwe 3.0 au zaidi, maana ndo lililokuja Aprili 2019 na ile otofokasi ya macho inayoshika yenyewe bila kubonyeza kitufe kingine. Uliza imepiga picha ngapi, Sony walisema shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga, imejaribiwa kwa 200,000, ikiwa 180,000 basi bei ishuke sana au uondoke. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Weka kadi kwenye sloti zote mbili, usiweke moja ukaridhika.

Mawili ya mwisho nisije nikasahau. Hiyo 50mm kwenye 700D ulikuwa unaona kama 80mm, uso unajaa vizuri. Kwenye fulfremu 50mm yoyote, hata ya Sony, inarudi kuwa 50 kweli, utahisi bibi harusi amekimbia hatua tatu nyuma. Sio mbovu, ndo ilivyo, kwa potreti utakuja kutafuta 85mm f/1.8. La pili, ukumbini wenye taa za LED usiwashe shata ya kimya, utapata mistari myeusi kwenye picha kama pundamilia, tumia shata ya kawaida kwa 1/100 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Halafu utafurahi na kitu kimoja ambacho 700D haikukupa kwenye kioo chake, kwenye mirolesi unaona mwanga wa picha kabla hujabonyeza, bwana harusi mweusi kama mimi na suti nyeusi kasimama pembeni ya shela jeupe, unapima uso wake palepale, hakuna kukisia.

Usinunue adapta ya kuvalisha lenzi za Canon kwenye Sony kwa ajili ya kazi. Mimi nilinunua moja ya bei chee, jina lake hata silikumbuki, nyumbani ikawa inafanya kazi vizuri kabisa, siku ya kazi bibi harusi anaingia kanisani kamera ikaganda, nikaitoa betri na kuirudisha, alipofika altareni ndo ikazinduka. Picha za kuingia nikaomba kwa mtu wa video.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi niko Mombasa, nina Nikon D750 na lenzi tatu, 24-70 f/2.8 ya AF-S niliyonunua mwenyewe, na 85mm f/1.8 D na 80-200 f/2.8 D ambazo aliniachia babangu. Napiga mpira wa mtaani na shughuli za watu. Nataka Z5 II na ile adapta ya FTZ, muuzaji ameniambia lenzi zote za Nikon zaingia. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Kuingia hizo zako tatu zaingia, ila muuzaji amesema nusu ya ukweli. Lenzi za D kama hizo za mzee, zisizoandikwa AF-S, hazina mota ndani, zinasukumwa na kibisibisi kidogo kilichoko kwenye bodi ya D750, na FTZ haina hicho kibisibisi. Kwa hiyo 24-70 ya AF-S, yenye mota yake ndani, itafanya kazi kama kawaida, lakini hizo mbili za mzee utazungusha fokasi kwa mkono. Kupima mwanga na apecha, lile tundu la lenzi, zitakubali, fokasi ndo hapana.

Ubora wa picha usiogope, FTZ ni bomba tupu, ndani hamna kioo. Maunti ya F inakaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa na ya Z inakaa 16, adapta inajaza hiyo nafasi basi. Ndo maana pia kinyume chake hakiwezekani, lenzi ya Z hutaifunga kwenye D750 milele.

85 ya mzee kwa mkono ni raha, mtu amekaa ametulia, washa ile rangi inayoonyesha palipo na fokasi, vuta karibu kwenye jicho, piga. Lakini 80-200 kwa mpira kwa mkono, aa-aa, straika hakusubiri. Ushauri wangu usiiuze D750, ni ya 2014 lakini mtumba wake hautakupa hela ya maana na ndiyo bodi pekee uliyonayo inayoziendesha lenzi za babako zikiwa kamili. Nunua Z5 II na FTZ, ifunge 24-70 kwa shughuli za watu, D750 ibaki na 80-200 uwanjani. Siku ukipata 70-200 ya AF-S ya mtumba ndo uihamishie mirolesi kazi ya mpira.

SWALI: Fundi, megapikseli 24 zatosha kwa albamu au nitafute 45? – Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

JIBU: Zinatosha mdogo wangu. Ukurasa wa A3 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji kama pikseli 4,961 kwa 3,508, hiyo ni megapikseli 17 na kidogo, na kamera ya 24 inakupa 6,000 kwa 4,000. 45 ni kwa mabango makubwa na watu wanaokata picha sana, na faili zake zitaijaza laptop yako ya chuo kabla ya semista kuisha. Hiyo tofauti ya hela kanunue 85mm.