Noah yako usimwachie dalali

Pole ndugu. Umesema gari lenu, Toyota Noah, mmelitunza kama yai, shemeji hataki liondoke, ila ada za watoto zimebana na dalali kaja na bei ya kutupa. Mkatalie kwanza. Dalali anaangalia namba ya usajili: akiona herufi zake zinaanza na C, kwake hilo ni la zamani, hata kama injini haijawahi kufunguliwa. Tafuta mtu mwenye familia anayelitaka kwa matumizi yake, umwonyeshe risiti za sevisi na kile kikaratasi cha tarehe ya kumwaga oili, na aje na fundi wake. Usiliwashe kabla hajafika. Mnunuzi mjanja hugusa boneti kujua kama umeshalipasha moto.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kadi ya gari, ile yenye jina la mmiliki. Wengi humalizana kwa mkataba wa wakili tu, kadi inabaki na jina la muuzaji, na faini za trafiki zinaendelea kusoma kwake. Lipa yanayodaiwa, pesa ipite benki, kisha mhamishe umiliki TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Na huyo anayetaka "kulijaribu" peke yake mpaka Kibaha, mwambie mtakwenda wote.